Selimundu: kidonge cha kila siku, uloto wa ndugu au tiba ya jeni? Nimelinganisha kabla hatujauza kiwanja

Wazazi wenzangu wenye watoto wa SS, yaani wenye selimundu, hii naiandika kwa ajili yenu ila ilianzia chumbani kwangu. Shemeji yangu anaishi Minnesota, mwezi uliopita katuma klipu ya mama mmoja Mmarekani aliyekuwa na selimundu kama binti yetu na sasa hivi haumwi, wamemrekebisha jeni. Baba Neema kaiangalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, taa tumezima simu bado inawaka, mwishowe akaniambia mama Neema, tukiuze kile kiwanja cha Chanika mtoto akatibiwe. Sikumjibu usiku ule. Nilikaa wiki nzima nasoma, nikauliza kliniki, nikapiga hesabu, na haya ndo niliyoyapata. Nimeziweka pamoja njia tatu ambazo mzazi wa leo anazisikia, yaani kidonge cha haidroksiurea, kupandikizwa uloto (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) na hiyo tiba ya jeni, na zote nimezipima kwa swali moja, ipi inaweza kumfikia mtoto kabla ya krisisi inayokuja, yaani yale maumivu makali ya ghafla.

Ugonjwa wenyewe wengi mnaujua kwa kuulala nao wodini, nitapita haraka. Ni kosa dogo mno, herufi moja tu kwenye jeni inayotengeneza hemoglobini, mtoto akilirithi kwa baba na kwa mama anakuwa SS, chembe nyekundu zikipungukiwa oksijeni zinajikunja kama mundu zinakwama kwenye mishipa, hapo ndo maumivu, damu kushuka, macho ya njano, bandama kuvimba, wengine kiharusi wakiwa bado chekechea. Hapa Tanzania inakadiriwa wanazaliwa watoto 11,000 hivi kila mwaka. Na sio laana ya ukoo wa mama wala mkono wa mtu, hili naomba bibi zetu walisikie. Kosa hili limedumu huku kwetu kwa sababu mwenye AS, yaani aliyerithi kosa kwa mzazi mmoja tu, malaria kali haimuangushi kirahisi, mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki, kwa hiyo AS wako wengi, wazima kabisa, wanaoana bila kujua, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS.

Kuna kitu kimoja lazima ukishike maana bila hicho hizi tiba hazieleweki. Mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini nyingine, ya kichanga, ambayo hilo kosa haina, ndo maana mtoto wa SS anazaliwa mzima na miezi ya mwanzo huoni kitu. Ikifika miezi kama sita mwili unakuwa umeizima kwa sehemu kubwa ile ya kichanga na kuwasha ya kikubwa, na ya kikubwa ndo yenye mundu. Neema alianza kuvimba vidole akiwa na miezi saba, mikono yote na miguu yote, tukasema labda ni wadudu. Sasa kidonge kinajaribu kuiamsha ile hemoglobini ya kichanga, na mojawapo ya tiba za jeni nayo inafanya kazi hiyohiyo, wanaingilia tu milango tofauti.

Nianze na kidonge.

Haidroksiurea mimi niliikataa miaka miwili nzima. Nilisikia ni dawa ya kansa nikasema mwanangu hana kansa, nikaendelea na foliki na kumlinda na baridi na kumnywesha maji, na miaka hiyo miwili tulilazwa mara nyingi mpaka walinzi wa getini wakawa wanamjua kwa jina. Ni kweli dawa hii inatumika kwenye baadhi ya kansa za damu, kule dozi inalenga kitu kingine, huku inapangwa kwa uzito wa mtoto na kipimo cha damu kinafuatiliwa. Marekani wameiruhusu kwa selimundu tangu 1998, baada ya utafiti wa watu wazima uliotoka 1995 kuonyesha krisisi zimepungua karibu nusu, na wale watu wakafuatiliwa miaka zaidi ya 17, waliokaa kwenye dawa muda mrefu walikufa wachache kuliko wasioitumia.

Lakini kilichonibadilisha mimi sio Marekani, ni utafiti wa huku kwetu. Unaitwa REACH, walichukua watoto 606 wa mwaka mmoja mpaka kumi kwenye vituo vinne, Kilifi Kenya, Mbale Uganda, Kinshasa na Luanda, yaani watoto wanaong'atwa na mbu walewale, wanaokula chakula kama cha kwetu. Matokeo yalitoka 2019. Krisisi za maumivu zilishuka zaidi ya nusu, kuongezewa damu kulishuka kwa karibu theluthi mbili, malaria ambayo madaktari waliogopa ingeongezeka nayo ikashuka nusu, na vifo kutoka 3.6 mpaka 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Soma hiyo namba ya mwisho tena ukiwa umemshika mwanao. Mimi niliisoma nikajilaumu sana kwa ile miaka miwili.

Hasara zake zipo na sitazificha. Ni kila siku, ukiacha faida inaisha, hailipi deni la wiki tatu ulizosahau. Lazima apimwe damu kila baada ya muda maana inaweza kushusha chembe nyeupe. Wavulana wakikua inaweza kupunguza mbegu wakati wanaitumia, msichana mkubwa akitaka kubeba mimba lazima azungumze na daktari kabla. Vidonge vingi vinakuja miligramu 500 ambayo kwa mtoto mdogo inabidi kugawa, na huo unga wa ndani mama mjamzito asiushike mikono mitupu. Na kuna miezi unaenda duka la dawa la kwanza hakuna, la pili hakuna, unazunguka na kikaratasi mpaka jioni. Haiponyi. Mtoto anabaki SS. Ila mtoto wangu anaitumia, na mwaka jana mzima tumelazwa mara moja tu.

Sasa uloto.

Hii ndo tiba ya zamani kuliko zote mbili za kuponya, mtu wa kwanza kupona selimundu kwa njia hii anajulikana tangu 1984 huko Marekani, binti aliyekuwa na kansa ya damu pia, wakampandikizia uloto kwa ajili ya kansa na selimundu ikaondoka nayo. Wanachofanya ni kuua uloto wa mgonjwa kwa dawa kali halafu wanamuwekea seli mama, zile zinazozaa chembe za damu, za mtu mwingine, zinaingia kwa dripu kama damu ya kawaida, zinaenda zenyewe kwenye mifupa zinaanza kutengeneza chembe nzima. Huyo mtu mwingine akiwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja aliyefanana naye kabisa kwenye vipimo vya tishu matokeo ni mazuri mno, kuna hesabu ya wagonjwa 1,000 waliopandikizwa kati ya 1986 na 2013, wote kwa uloto wa ndugu aliyefanana, baada ya miaka mitano karibu 93 kati ya 100 walikuwa hai, na waliofanyiwa wakiwa watoto walifanya vizuri kuliko waliosubiri wakapita miaka 16.

Hiyo ya umri iwekeni akilini. Kidonge hata ukichelewa bado unaweza kuanza kikasaidia, kwenye uloto kila mwaka mtoto anaoumia, ubongo, mapafu, figo vinachoka, na mwili uliochoka unabeba upandikizaji kwa shida zaidi.

Tatizo ni ndugu. Kila ndugu wa tumbo moja ana nafasi moja kati ya nne tu ya kufanana kabisa na mgonjwa, na huyo akiwa SS naye hafai, akiwa AS anafaa, hili wengi hawalijui wanamtupilia mbali kaka mtu kwa sababu ni AS. Kwa familia yenye mtoto mmoja au wawili mara nyingi hakuna. Wapo wanaotumia mzazi aliyefanana nusu lakini hapo hatari inapanda, uloto unaweza kukataliwa, au unakubali halafu unageuka kumshambulia mwenye mwili, ngozi, ini, tumbo, na wengine wanahangaika na hilo miaka. Dawa za kuua uloto zinaweza pia kumaliza uwezo wa kuzaa. Zamani kwa wengi jibu lilikuwa India, mnasafiri mzazi na mgonjwa na mtoaji mnapanga chumba miezi, sasa hivi Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imeshaanza kupandikiza uloto watoto wa selimundu, na hilo kwa kweli nilipolisoma nililia, maana mtoto analala mbali kidogo na kwao lakini anaelewana na nesi kwa Kiswahili.

Na hii ya jeni sasa, iliyomfanya baba Neema asilale.

Yule mama wa kwenye klipu anaitwa Victoria Gray, ni wa Mississippi, 2019 akiwa Nashville alikuwa mgonjwa wa kwanza wa selimundu Marekani kutibiwa kwa CRISPR, ule mkasi wa kukata jeni ambao Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walipewa Nobeli ya kemia 2020. Dawa yake sasa inaitwa Casgevy. Uingereza waliiruhusu Novemba 2023 kabla ya nchi nyingine yoyote, ikafuata Bahrain, halafu Marekani tarehe 8 Desemba, halafu Saudia. Siku hiyohiyo Marekani waliruhusu na nyingine, Lyfgenia. Zote ziliruhusiwa kwa wa kuanzia miaka 12, kwa hiyo Neema wangu ambaye ana tisa hata tungekuwa na hela zote angesubiri.

Zinavyofanya kazi. Casgevy inakata swichi iliyoizima hemoglobini ya kichanga, ile niliyosema mwanzo, swichi inaitwa BCL11A, wakiikata kwenye seli mama za damu basi hemoglobini ya kichanga inawaka tena. Ukifikiria ni kitu cha kushangaza, kidonge kinagonga mlango kila siku kinaomba ufunguliwe, huyu kaja kaung'oa. Lyfgenia haikati, inaongeza nakala nzima ya jeni iliyorekebishwa kwa kubebwa na kirusi kilichotolewa uwezo wa kuambukiza. Uzuri mkubwa wa zote mbili ukilinganisha na uloto ni kwamba seli ni za mgonjwa mwenyewe, hakuna kutafuta ndugu, hakuna kukataliwa, hakuna uloto wa mtu kumshambulia. Kwa yule mtoto ambaye ndugu zake wote hawafanani naye hapa ndo kuna mlango.

Matokeo, Casgevy kwa wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha wakati wa kuruhusiwa, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila krisisi kali. Lyfgenia 28 kati ya 32 hawakupata krisisi kati ya mwezi wa 6 na wa 18 baada ya tiba. Watu waliokuwa wanalazwa kila mara! Siwezi kuidharau hiyo, na mtu asije akakwambia ni uongo wa wazungu.

Ila klipu ya dakika tatu haionyeshi katikati. Kwanza unaongezewa damu miezi kadhaa kutayarisha mwili. Halafu wanakuunga kwenye mashine kuchuja seli mama kutoka kwenye damu, mara nyingi haitoshi mara moja, unarudi tena na tena. Zinapelekwa maabara kurekebishwa, hiyo inaweza kuchukua mpaka miezi sita. Zikirudi ndo unapewa busulfani, dawa ya kemo ya kuua uloto wako wote, nywele zinaisha, mdomo unajaa vidonda hata mate hayamezeki, kinga inashuka sifuri, unakaa wodini wiki nne mpaka sita au zaidi. Kwa hiyo mtu asidhani ya jeni ni laini kuliko uloto kwa sababu inaitwa jeni, ile sehemu ngumu ya dawa kali iko kotekote. Uwezo wa kuzaa unaweza kupotea vilevile, wenzetu wanagandisha mayai au mbegu kabla, nayo ni gharama nyingine pembeni.

Hatari zake nyingine zina historia na mzazi lazima aijue. Mwaka 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alikufa Philadelphia kwenye majaribio ya tiba ya jeni ya ugonjwa wa ini, mwili ulikipokea kile kirusi kibebaji kwa hasira mno. Miaka hiyohiyo Paris walitibu watoto waliozaliwa bila kinga, wengi wakapona kweli, lakini baadhi wakapata kansa ya damu kwa sababu jeni mpya ilitua karibu na jeni inayochochea kansa ikaiamsha. Vibebaji vya sasa vimetengenezwa upya kuepuka hilo. Hata hivyo Lyfgenia ina onyo zito kabisa kwenye maelezo yake kuhusu kansa ya damu, kwa sababu wagonjwa wawili waliopewa toleo la mwanzo walipata kansa hiyo wakafariki, na wanaoitumia wanatakiwa kupimwa kwa miaka 15. Casgevy haina onyo hilo, kwenye majaribio yake mgonjwa mmoja alifariki kwa Korona na ile kemo inaweza kuwa ilishayachosha mapafu. Pia mkasi unaweza kukata pasipotakiwa, ndo maana nao wanafuatiliwa miaka 15.

Kumbuka tu kwamba upya sio kinga ya kitu. Kuna kidonge kipya cha selimundu kilichoshangiliwa, Oxbryta, kimeruhusiwa Marekani 2019, Septemba 2024 kampuni yenyewe ikakiondoa dunia nzima baada ya kuona vifo na krisisi kwenye takwimu. Miaka mitano tu. Tiba za jeni za selimundu nazo bado hata hazijamaliza miaka kumi kwa mtu yeyote isipokuwa wachache wa majaribio ya mwanzo.

Bei. Casgevy dola milioni 2.2, Lyfgenia milioni 3.1, na hapo kulazwa hakujahesabiwa. Ile ya kwanza kwa shilingi yetu ni zaidi ya bilioni 5. Kiwanja cha Chanika tukipata mteja mzuri ni milioni 18. Nilimuandikia baba Neema hizo namba mbili kwenye daftari la madukani, moja juu nyingine chini, akaziangalia muda mrefu hakusema kitu. Hata wenzetu wa London hawailipi mfukoni, huko serikali yao iliingia mapatano ndo Januari 2025 wagonjwa wa selimundu wakaanza kuruhusiwa kuipata. Na kampuni ya Lyfgenia kabla ya hapo ilikuwa na tiba ya jeni ya thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, huko Ulaya, hawakuelewana bei, ikafunga virago ikaondoka 2021, dawa ipo na wagonjwa wapo. Kama Ulaya imeshindikana sitamlaumu waziri wetu, ila nitamuuliza mara mbilimbili haidroksiurea mbona inakosekana dukani.

Ukiziweka tatu mezani kwa pamoja mimi naona hivi. Mtoto wa chini ya miaka 12, ya jeni itoe kwenye hesabu za mwaka huu, anza kidonge na kama ana ndugu wa tumbo moja wapimwe kufanana mapema, sio akishapata kiharusi. Mtoto anayeitikia kidonge vizuri, hajawahi kupata kiharusi, kile kipimo cha mishipa ya kichwani cha kuangalia hatari ya kiharusi kiko sawa, sioni haraka ya kumpitisha kwenye kemo. Mtoto ambaye kidonge amefikishwa dozi ya juu na bado analazwa, au ameshapata kiharusi anaishi kwa damu za watu, na ndugu kafanana, hapo uloto kwangu mimi ndo wa kwanza na ningeuza hata kitanda. Anayeumwa hivyo, ndugu hakuna, na amevuka 12, huyo ndo tiba ya jeni ilitengenezwa kwa ajili yake, na kama una mtu wako Marekani, Uingereza au Ghuba mwenye bima ya huko basi aulize hospitali inayomtibu, anaweza kuwa anastahili na hajui.

Na hakuna kati ya hizi tatu inayorekebisha jeni ya kwenye mayai au mbegu. Victoria Gray mwenyewe damu yake imerekebishwa lakini watoto anaozaa wanarithi kosa lilelile la S. Kwa hiyo aliyepona bado anatakiwa kujua mwenzake ni AA, asiye na kosa kabisa, au AS kabla ya kuzaa.

Kuna na hili linaniuma sana, ukishaanza kutafuta haya mambo wanakufuata watu wanaouza matone na vidonge vya "seli mama", wanasema vinarekebisha jeni, laki tatu chupa. Jeni hairekebishwi kwa kunywa. Umeona hapo juu inavyofanyika, mashine, maabara, kemo, wodi. Hiyo laki tatu ni haidroksiurea ya miezi mingapi, nauli za kliniki ngapi.

Tumaini la kweli la huku kwetu naliona kwenye ile ambayo haijafika, ya kuchomwa sindano tu na marekebisho yakafanyikia humohumo mwilini bila kemo. Oktoba 2019 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani na mfuko wa Gates waliweka dola milioni 100 kila mmoja kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazofaa Afrika. Na 2025 Philadelphia mtoto mchanga aliyezaliwa na ugonjwa wa nadra wa ini alirekebishwa jeni kwa dripu, dawa imetengenezwa kwa ajili yake peke yake. Ini linafikika kirahisi kuliko uloto ndo maana limetangulia. Siku hiyo ikifika nataka Muhimbili iwe tayari, na msingi upo, Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiandikisha na kufuatilia wagonjwa pale tangu 2004, maelfu ya watoto wana mafaili. Na nataka Neema awe hai, figo nzima, ubongo mzima, ili sindano ikija imkute. Hiyo kazi ya kumfikisha huko ni ya kidonge cha saa mbili usiku.

Kiwanja hatujauza. Jumanne tunampeleka kaka yake kutolewa damu ya kipimo cha kufanana, ana miaka kumi na mbili, AS, hajawahi kulazwa hata siku moja na sindano anaziogopa. Jana kamuuliza dada yake inauma kiasi gani. Neema kamshika mkono kamuonyesha mahali penyewe, kamwambia hapa, usiangalie, hesabu mpaka tano, ukifika nne wameshamaliza.